Bobini Ikiisha

Nikikutazama mara moja tu, kiuno chako nimeshakijua. Futi naitumia kwa heshima ya mteja. Nina miaka ishirini na sita kwenye cherehani, na macho yangu hayakosei kipimo hata mdomo wangu ukikosea maneno. Ndiyo maana aibu ya jambo hili ni yangu peke yangu. Wengine nyumbani wangeweza kusema hawakuona. Mimi niliona mapema, tena vizuri, kisha nikafanya upuuzi ambao ni fundi cherehani tu anayeweza kuufikiria.

Binti ninayemsema ni mtoto wa kaka yangu. Tunamwita Cheche, kwa sababu tangu alipoanza kutambaa hakuwahi kutulia mahali pamoja. Wazazi wake wanafanya kazi mbali, kwa hiyo tangu akiwa mdogo anaishi na mimi pamoja na mama yangu, yaani bibi yake. Karakana yangu iko chini, nyumba iko juu, na kazi yetu kubwa ni kushona sare za kikosi cha zimamoto kilicho mitaa minne kutoka kwetu. Cheche amekua akilala juu ya marobota ya ovaroli. Alipofika miaka kumi akatangaza kwamba atakuwa mzimamoto. Watu walishacheka vya kutosha kusikia Cheche anataka kuzima moto, kwa hiyo wewe usijisumbue.

Alipomaliza masomo alifanya mtihani wa kujiunga na kikosi. Majibu yakachelewa. Mwezi wa kwanza alikuwa anachungulia dirishani kila akisikia pikipiki ya barua. Wa pili akanyamaza. Wa tatu chakula kikamshinda. Hakuwa na homa, wala tumbo halikumuuma. Alikaa mezani, akazungusha kijiko kwenye sahani mpaka wali ukapoa, kisha akasema ameshiba.

"Si kwamba sitaki, Shangazi," aliniambia siku moja. "Nikifikiria majibu tu, koo linafunga kama limetiwa zipu."

Bibi yake akaamua kwamba mtoto amependa. Akaanza kumkagua kila mwanamume aliyepita mtaani kwetu, hata fundi bomba mwenye wajukuu.

Mimi nilikuwa naangalia kiuno. Cheche alikuwa na suruali moja ya buluu aliyoipenda kuliko nguo zake zote. Nilimkatia mwenyewe, sentimita sitini na nane, na ilimkaa sawasawa. Mwezi ule wa tatu nikaona inaanza kumlegea. Nikawaza: huyu mtoto tayari ana wasiwasi, akigundua anakonda wasiwasi utaongezeka, na wasiwasi ukiongezeka ndiyo hatakula kabisa. Basi Jumamosi, alipokwenda kwa rafiki yake, niliichukua ile suruali kwenye nguo za kupigwa pasi, nikaifumua kiunoni, nikaipunguza sentimita tatu na kuishona upya. Aliporudi akaivaa. Ilimkaa vizuri.

Wiki chache baadaye nikaipunguza tena, na baadaye tena. Sketi zake pia, na lile gauni lake la maua. Siwezi kukuficha, kazi yenyewe ilikuwa safi kiasi kwamba nilijisifu. Hata mimi ningeletewa ile suruali nisingejua mara moja kwamba imeguswa.

Hatimaye barua ikaja. Cheche amefaulu mtihani! Tulipiga vigelegele mpaka jirani akapanda kuuliza nani anaolewa. Lililobaki lilikuwa siku moja ya majaribio huko kikosini, na barua ilieleza utaratibu: kwanza daktari anakupima, kisha unapanda ngazi ya mnara wa mazoezi ukiwa na mpira wa maji begani. Kwa urefu wa Cheche walitaka angalau kilo hamsini. Asiyepita mizani hapandi ngazi. Tulilisoma sharti hilo mezani, na Cheche akacheka. Alikuwa na kilo hamsini na mbili alipojaza fomu, na nguo zake zote bado zilikuwa zinamtosha. Mimi nilijitia kutafuta mkasi.

Siku ya majaribio alirudi kabla ya saa nne asubuhi. Aliingia karakana akasimama katikati, macho makavu.

"Wamesema kilo arobaini na nne," akasema. "Wamenirudisha. Ngazi sikuigusa."

Tulikuwa watatu mle ndani: mimi, Bibi aliyeteremka na birika la chai, na Mzee Vifungo. Mzee Vifungo ni fundi mwenzangu. Kazi yake ni vifungo, matundu ya vifungo, na kutoboa mikanda, na amekuwa hapo tangu mimi sijui hata kutunga uzi.

"Mizani yao ni mbovu," Cheche akaendelea. "Daktari amenipa miezi mitatu nirudi kwenye majaribio ya pili, lakini mimi sisubiri. Naandika barua ya malalamiko sasa hivi. Mtu anapunguaje kilo nane na nguo zinamtosha? Nitawaonyesha hii suruali. Shangazi aliyeishona atakuwa shahidi wangu."

Akaketi kwenye meza yangu ya kukatia, akachukua chaki yangu akaitupa, akatafuta kalamu, akaanza kuandika. "Mheshimiwa Mkuu wa Kikosi." Aliandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Mzee Vifungo alinitazama, nikajua kwamba yeye anajua.

"Cheche, acha hiyo barua," nikasema. "Mizani yao ni nzima. Suruali ndiyo inadanganya. Nimekuwa naipunguza."

Alinitazama kama sijasema neno. Kisha akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akatoka amejifunga kitenge, suruali mkononi. Akaigeuza ndani nje. Akaona kitambaa kilichokunjwa, na mistari mitatu ya mshono ikifuatana, mmoja kwa kila mara niliyomficha.

"Mara tatu, Shangazi?"

"Niliogopa kukuogopesha."

"Mimi nilikuwa najiambia sijambo kwa sababu ya hii suruali," akasema. "Kila asubuhi nikiivaa nasema, mbona inanikaa. Kumbe sikuwa na habari na mwili wangu mwenyewe."

Hapo nililia. Sikulia kwa kuomba huruma, nililia kwa sababu ilikuwa kweli. Cheche hakunibembeleza. Aliokota wembe wa kufumulia akanipa.

"Fumua," akasema. "Zote."

Nilifumua mpaka mchana. Nilipomaliza akaniwekea masharti mawili mbele ya mashahidi. La kwanza, nisiguse nguo yake hata moja bila yeye kuniambia. La pili, nisimpime, wala kwa futi wala kwa macho. "Na hayo macho yako, Shangazi, nayajua. Nikipita, tazama dari. Kilo zangu ni zangu." Nikala kiapo. Leo nikisimulia, naweza kukuchorea nyufa zote za dari la karakana yangu bila kukosea hata moja.

Ile suruali ilipofumuliwa ikawa haishiki kiunoni kabisa. Mzee Vifungo akamtengenezea mkanda wa turubai, akautoboa matundu mengi, na la mwisho kabisa ndilo lililomfaa siku hiyo.

Zahanati ya mtaa ina mtaalamu wa lishe, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo. Bibi anamwita daktari wa chakula. Cheche alikubali tumsindikize ili mradi tunyamaze, na kwa upande wangu hiyo ilikuwa adhabu ya tatu. Yule mama alimpima damu kwanza kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine uliojificha, akamuuliza maswali mengi, na hakuna hata moja lililoanza na "kwa nini huli."

"Usisubiri njaa ikuite," akamwambia majibu yalipotoka salama. "Ukiwa na wasiwasi, njaa inasahau kazi yake. Kula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, hata vijiko vitatu tu. Sahani kubwa inakutisha, basi iache. Ila hicho kidogo kiwe na nguvu. Uji upike kwa maziwa. Mkate upake siagi ya karanga. Ongeza yai, parachichi, mtindi. Usijijaze maji kabla ya kula. Soda na peremende zitakuongezea kilo, lakini hazitakupandisha ngazi. Ukipata nguvu, anza mazoezi mepesi, kilo zigeuke misuli. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na upimwe hapa kila baada ya wiki mbili, si kila siku."

Akamwandikia pia kuonana na mshauri wa mambo ya wasiwasi kila Alhamisi. Kisha akavaa miwani akatugeukia mimi na Bibi.

"Na ninyi, msimtazame akila."

Bibi aliitikia kwa kichwa kabisa. Tulipofika nyumbani akapika kana kwamba tumeajiriwa kulisha kambi. Akamwekea Cheche kilima cha wali, kuku pembeni, ndizi mbili juu, kisha akakaa mbele yake na kutazama pembeni, lakini kila baada ya nukta moja jicho linarudi. Mimi nilikuwa natazama dari. Cheche akala vijiko viwili, akainuka, akajifungia bafuni. Tulimsikia analia kule ndani.

"Nimefanya nini?" Bibi akanong'ona.

"Umetazama, Mama."

"Na wewe je?"

"Mimi nimetazama dari kwa sauti," nikamjibu, maana kweli nilikuwa napumua kama mtu anayesubiri kura zihesabiwe.

Wiki nzima ikaenda hivyo. Mwishowe Cheche akasema nyumba imejaa macho, akaanza kushinda karakana. Nilimpa kazi ya kujaza bobini.

Asiyejua bobini, ni kile kigurudumu kidogo kinachokaa chini ya sindano na uzi wake. Uzi wa juu unauona ukipungua, wa chini huuoni. Unashona tu, ghafla mshono unaacha kushika, na hapo huna ujanja ila kusimama. Sisi tuna desturi ya miaka mingi: bobini ya mtu ikiisha, karakana yote inanyoosha mgongo. Tunakunywa maji, tunatafuna kilichopo, tunaweka bobini mpya, tunaendelea. Ovaroli za zimamoto zinashonwa kwa uzi mnene, na ukiweka pamoja na kukata na kupiga pasi, bobini inaisha kama mara sita kwa siku.

Siku moja tulikuwa na oda ya ovaroli mia moja na themanini, na nilikuwa nimekasirika, sikumbuki kwa nini, pengine kwa sababu ya hali ya hewa. Bobini yangu ikaisha kwenye mshono wa paja. Nikasonya, nikachukua kipande cha mkate na siagi ya karanga kwenye kopo la Mzee Vifungo, nikalisukuma kopo upande wa pili bila kuinua kichwa. Mzee akachukua chake, akalisukuma. Cheche, mkono mmoja kwenye bobini na macho kwenye uzi, akachukua kipande akakitia mdomoni. Akatafuna. Akameza. Akanirushia bobini iliyojaa.

Nilifungua kinywa kupiga kelele za furaha. Mzee Vifungo akanikanyaga mguu. Yule mzee ana kiatu kizito, na kidole changu kilikuwa cheusi siku tatu, lakini nilifunga mdomo.

Bobini ya pili ilipoisha, kopo likazunguka tena. Ya tatu vilevile. Jioni Mzee aliniambia wakati tunafunga milango, "Huyu hawezi kula chakula kikimkodolea macho. Lakini kazi ikisimama mkono unatafuta cha kushika. Tumwachie mkono." Kuanzia hapo ikawa sheria, na haikuandikwa popote. Bobini ikiisha, tunakula. Bibi akaambiwa apike vitu vya kushikwa kwa vidole, ateremshe kopo, ageuke, apande ngazi. Alikuwa anageuka vizuri kuliko mwanajeshi. Tukala mayai ya kuchemsha yaliyokatwa nusu, parachichi kwenye mkate, ndizi, karanga, na mtindi kwenye vikombe vidogo.

Usidhani kila siku ilikuwa sherehe. Kuna siku Cheche alishika kipande cha mkate tangu bobini ya kwanza mpaka ya pili, akakirudisha kikiwa na alama za vidole. Kopo lilipozunguka tena lilipita mbele yake kama kawaida, na kama mkono wake haukutoka, basi haukutoka.

Kibaya zaidi kilikuja mwezi wa pili, ilipoletwa barua ya tarehe ya majaribio. Siku mbili hakutia kitu mdomoni zaidi ya chai. Siku ya pili mchana nikamkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye meza ya kukatia.

"Naogopa ile mizani, Shangazi," akasema. "Nikifumba macho naiona. Nikipewa chakula naiona kwenye sahani."

Nilitamani kumwambia asiogope, ndilo neno lililonijia. Lakini nilishajua maneno yangu ya kufichaficha yametufikisha wapi. Nikaketi sakafuni pembeni yake, jambo ambalo kwa magoti yangu si dogo.

"Na mimi naogopa," nikamwambia. "Naogopa sana. Naogopa pia kwamba kosa langu limekupotezea nafasi yako."

Akanitazama. Nadhani alifurahi kwamba hatimaye kuna mtu amekubali kuogopa naye.

"Mshauri amenifundisha kupumua," akasema. "Kuvuta nikihesabu nne, kutoa nikihesabu sita. Lakini nikianza kuhesabu, naharakisha."

Ninayo cherehani moja ya zamani ya kukanyaga kwa mguu. Nikaisogelea nikaanza kuikanyaga polepole bila kitambaa, nne, sita, nne, sita, na Cheche akapumua kwa mlio wake. Mzee Vifungo naye akapumua, maana alisema amelipia mlio kama wengine. Tulikaa hivyo robo saa, watu wazima na akili zetu. Kisha Cheche akanyoosha mkono juu ya meza bila kutazama, akapapasa, akapata kikombe cha mtindi. Alikula vijiko vinne. Nilivihesabu kwa masikio.

Tangu siku hiyo mambo yakaanza kufunguka. Akaanza mazoezi, akibeba marobota ya kitambaa kutoka mlangoni hadi kwenye rafu. Akaanza kuimba, na sauti ya kuimba hajajaliwa, lakini nani angemnyamazisha. Asubuhi moja bobini ya Mzee haikuisha kwa wakati, na Cheche akauliza, "Babu, leo unashona au unasinzia? Watu tuna njaa."

Watu tuna njaa! Nilikwenda stoo nikajifanya natafuta zipu, nikacheza peke yangu katikati ya masanduku.

Jambo moja hatukulifikiria. Sheria ya bobini haikubagua. Kopo likizunguka mara sita kwa siku, linazunguka kwa wote, na mimi na Mzee hatukuwa na tatizo lolote la hamu ya kula. Mzee alianza kuacha kifungo cha chini wazi, mtu aliyefunga vifungo vya watu maisha yake yote. Mimi sketi zangu zilikuwa zinanikata pumzi, na fundi aliyekatazwa kupima watu akawa anaogopa kujipima mwenyewe.

Siku ya majaribio ikafika. Cheche aliamka mapema, akala uji wake wa maziwa, na mkate, na yai, akavaa suruali ya buluu na shati jeupe juu yake. Mimi nilitazama dari. Bibi alimwekea mkono kichwani. Akaondoka akitembea, nasi tukateremka kazini tukijifanya ni siku ya kawaida. Nilishona mfuko wa ovaroli juu chini. Nikafumua, nikaushona tena juu chini.

Saa tatu nikainua macho, nikaona kitu kwenye mgongo wa kiti cha Cheche. Ulikuwa mkanda. Mkanda wa turubai wenye matundu.

Ameusahau! Mtoto amekwenda kupanda ngazi mbele ya kikosi kizima na suruali isiyoshika kiunoni, na aliyeifanya isishike ni mimi.

"Fundi, ngoja kwanza," Mzee Vifungo akasema.

"Ningoje nini? Ivuke magoti?"

"Nisikilize nikwambie..."

Nilikuwa nimeshatoka. Mitaa minne si mbali kwa mtu mwembamba. Nilipita duka la dawa, nikapita kinyozi aliyeniuliza kama kuna moto, nikamwambia uko njiani. Mtaa wa tatu nikasikia kitu kimekatika ubavuni. Ilikuwa kulabu ya sketi yangu, na zipu ikafuata. Nikaishika sketi kwa mkono wa kushoto, mkanda mkono wa kulia, nikaendelea kukimbia. Mimi, fundi wa sare za serikali!

Mlinzi wa geti akanisimamisha. "Mama, leo ni majaribio, hakuna kuingia."

"Hiyo sare yako nani kakushonea?" nikamuuliza. "Na kifungo cha pili kiko wapi?"

Akainamia kifua chake kukitafuta. Mimi nikapita.

Nyuma ya magari mekundu kuna uwanja, na katikati ya uwanja kuna ule mnara. Watu walikuwa wamesimama wameinua vichwa. Nikainua changu. Juu kabisa ya ngazi, kamba ya usalama mgongoni na mpira wa maji begani, alikuwapo Cheche. Anainua goti, anakanyaga, anajivuta, anainua jingine.

"Cheche!" nikapiga kelele. "Mkanda! Umesahau mkanda!"

Uwanja mzima ukageuka. Cheche alifika kwenye ubao wa mwisho, akashika ukingo wa mnara, akatazama chini. Akaniona. Akainua mkono mmoja juu akaupunga, shati likapanda, na suruali ya buluu ikabaki mahali pake kiunoni.

Nilikuwa bado nasubiri ianguke, nakwambia ukweli. Nilisubiri mpaka akili ikanirudia na yale maneno ya barua tuliyoyasoma mezani. Asiyepita mizani hapandi ngazi.

Nililia mbele ya kikosi kizima, mkono mmoja kwenye sketi, na sikuona haya hata kidogo.

Mzee Vifungo akafika polepole, kofia mkononi. "Nilitaka kukwambia," akasema. "Juzi nilimuuliza kama mkanda unahitaji tundu jingine. Akasema, Babu, siuvai tena wiki ya pili sasa."

"Mbona hukusema?"

"Ulinipa nafasi?"

Cheche alishuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, akatujia akikimbia. Akanikumbatia kwa nguvu nikakaribia kuiachia sketi.

"Hamsini nukta sita," akaniambia sikioni. "Sasa unaweza kujua." Kisha akarudi nyuma akanitazama. "Shangazi, umeshika nini hapo?"

"Kulabu imekatika."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye saruji. Alipopata pumzi akachukua ule mkanda mkononi mwangu, akanizungushia kiunoni juu ya sketi, akaufunga. Mzee Vifungo aliinama akahesabu matundu yaliyobaki, nikamwambia akitaja idadi atatafuta kazi kwingine. Nilirudi nyumbani katikati ya barabara nimevaa mkanda huo, na kinyozi alipouliza moto uliishia wapi, Cheche akamwambia tumeuzima.

Kesho yake oda mpya ikaletwa karakana: sare za waajiriwa saba. Jina lake lilikuwa la tano. Nilikuwa naipitia ile orodha nilipomsikia anapanda juu ya kile kigoda tunachowasimamishia wateja. Kwa mazoea nikatazama dari.

"Shangazi," akasema. "Nipime."

Nikateremsha macho. Alikuwa amesimama wima, mikono ameinyoosha pembeni, ananitazama.

"Kwa macho au kwa futi?"

"Kwa futi. Na usome kwa sauti."

Miezi mitatu sikuwa nimemgusa mtoto huyu na futi. Niliiangusha mara moja, nikaiokota. Nikamzungushia kiunoni, nikaleta ncha mbili pamoja, nikaweka kidole kimoja ndani ili asibanwe, nikasoma, nikasoma tena.

"Sitini na nane na nusu," nikasema kwa sauti.

"Hiyo nusu ni ya karanga zangu," Mzee Vifungo akasema.

"Andika," Cheche akaniambia.

Nikaandika, kama ilivyokuwa. Mzee Vifungo akauliza kama kuna mtu bobini yake imeisha. Hakuna ya mtu iliyokuwa imeisha. Cheche akafungua kopo, tukala hivyo hivyo.